Mafuta ya Mashine

9 Februari 1997

Kwa Daktari wetu,

Pokea salamu, na kama sura yangu umeshaisahau, ni yule dada yako mwenye mwanya. Huku sote tunapumua. Mama ni mzima ila sikio la kulia limegoma kabisa. Ukimwamkia asubuhi anakujibu kwamba chumvi imekwisha tangu jana. Shemeji yako bado anafufua baiskeli za watu pale kibarazani, na sebule yangu nzima inanuka grisi. Binti yetu mkubwa kaingia sekondari na sasa ananisahihisha ninavyoongea. Wewe je? Tangu uondoke baada ya harusi ya binamu hatujapata hata mstari. Mama anaifuta vumbi ile picha yako ya koti jeupe kila Jumapili, halafu ananiuliza kama madaktari wamekatazwa kuandika barua.

Haya, sikuandika nikusute. Kile kiungulia kimerudi. Siku ya harusi ulinipa vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye ladha ya mnanaa, nikapoa pale pale mpaka nikaingia kucheza. Sasa vimekwisha. Hapa karakana tumepata kazi ya sare za shule, naketi kwenye cherehani tangu asubuhi, na kabla ya chai kifua kinawaka kama nimemeza pasi. Bi Mkasi, yule mkuu wetu wa meza ya kukatia, ananiambia ninywe maziwa. Nikamwambia mimi nina daktari niliyezaliwa naye tumbo moja, sina haja ya kutibiwa na mtu anayekata vitambaa. Wakacheka wote, lakini wivu niliuona.

Nitumie kopo moja basi. Mpe kondakta wa basi la Jumatano, ananifahamu. Na ndani ya mfuko tia na barua, usinitumie dawa kavu kavu.

Ni mimi,
Dada yako


27 Februari 1997

Dada yangu mpendwa,

Nimefurahi mno kupata habari za nyumbani. Mwambie Mama sijakatazwa kuandika, ni uvivu tu na kazi. Huku dawa zinapita mikononi mwangu mchana kutwa, nikirudi chumbani nakuwa hoi. Mpe hongera binti yetu, naye asikubali kushindwa na wavulana. Shemeji mwambie baiskeli yangu ya zamani asiiuze, iko siku nitairudia.

Sasa kuhusu hali yako. Kitaalamu, tumbo lina asidi yake ya kusagia chakula, nayo ikipanda juu inachoma koo na kifua. Vidonge hivi vinaipunguza makali. Tafuna viwili baada ya kula. Lakini dawa hizi hazimfai kila mtu, Dada, kwa hiyo kuna mambo lazima nikuulize. Unatumia dawa nyingine yoyote? Umepungua mwili? Na hili la mwisho uniwie radhi, najua mdogo hamuulizi dada yake mambo kama haya, lakini choo chako kina rangi gani? Usicheke. Ukinijibu hayo nitajua kama tuendelee au tusiendelee.

Nakuombea nafuu ya haraka.

Mdogo wako,
Daktari


20 Machi 1997

Daktari bingwa,

Kopo limefika na barua imefika, na barua ndiyo niliyoifungua kwanza. Nimeisoma kwa sauti pale karakana wakati wa chai. Nilipofika kwenye “kitaalamu” Bi Mkasi akaweka chini mkasi wake, jambo ambalo sijawahi kuliona. Swali la mwisho sikulisoma, nina adabu zangu.

Nyumbani wazima. Mama kapata miwani ya jirani aliyehamia, haimfai hata kidogo, lakini haivui. Binti anakusalimu, anataka kujua kama ulimpasua chura shuleni kwenu.

Nakujibu sasa, maana ulisema usipojibiwa hutuendelezi. Dawa nyingine hakuna. Lini uliniona mimi mtu wa kulala na dawa? Ni mafuta ya mashine tu, kama wenzangu wote hapa, asubuhi na baada ya kula, ili kazi isogee. Kupungua ndiyo, nimepungua. Nimeshajipunguzia magauni yangu yote kiunoni, na lile la bluu nimelipunguza tena. Shemeji yako anasema nimerudi usichana, anaanza kunivizia mlangoni mzee mzima. Na hilo la tatu, we mtoto, mimi ndiye niliyekuogesha na kukufuta kamasi. Leo unikague choo? Pita hapo, tuendelee na safari.

Vidonge vinasaidia ila havikai. Ukipata vyenye nguvu zaidi nitumie.

Dada yako asiyekaguliwa


11 Aprili 1997

Dada mpendwa,

Nimecheka peke yangu barabarani kama mwehu kwa hiyo ya mafuta ya mashine. Kweli ulimi wako haujazeeka. Mwambie binti nilipasua vyura mpaka nikawaonea huruma.

Kupungua kwako nadhani ni sare za shule. Mtu anayeketi kutwa nzima bila kula vizuri lazima apungue. Nimekutumia vidonge vipya vya kisasa, vya rangi mbili. Hivi havitulizi asidi iliyopo, vinazuia tumbo lisiitengeneze. Meza kimoja asubuhi kabla ya kula, usikitafune wala kukifungua. Utaona tofauti.

Niandikie kuhusu akina mama wa karakana. Bi Mkasi alisema nini baada ya kuweka mkasi chini?

Mdogo wako,
Daktari


25 Mei 1997

Daktari wetu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama kaanguka uani lakini hakuvunjika kitu, ni hasira tu, anasema ndoo ilimtegea mguu. Shemeji yako kapata kijana wa kumsaidia kazi, siku ya tatu kijana kaondoka na pampu. Binti kawa wa pili darasani na amekataa kula kwa sababu hakuwa wa kwanza.

Vile vya rangi mbili ni kiboko. Kiungulia kimenyamaza kabisa. Ila sasa nasikia kizunguzungu nikinyanyuka, na juzi nilikaa katikati ya ngazi za karakana kama mtu anayeota jua. Bi Mkasi akaniburura mpaka zahanati. Nesi akanivuta kope, akasema damu yangu ni kidogo, akanipa vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Kisha akashikilia kwamba lazima niende hospitali kubwa wakaniingize mpira wenye kamera tumboni. Mpira! Nikamwuliza kwani mimi gurudumu? Nikamwambia nashukuru, mimi nina daktari wangu, ananiandikia kila mwezi, anajua tumbo langu kuliko ninavyolijua mwenyewe. Akasema kama yupo basi mwambie kila kitu.

Kwa hiyo nakwambia. Lile swali lako la Februari. Ni cheusi. Cheusi kama lami, na kinanata, tangu mvua zianze. Umeridhika? Nimeandika, sirudii, na barua hii ukishaisoma uichane.

Nifanyeje? Ukisema niende kwenye mpira nitakwenda. Ukisema nisiende sitakwenda. Neno lako ndilo nalingoja.

Dada yako


14 Juni 1997

Dada mpendwa,

Samahani nimechelewa, kulikuwa na kazi nyingi. Mpe Mama pole ya ndoo.

Hiyo rangi isikutishe. Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kuwa cheusi, ni jambo la kawaida kabisa na kila mtu anayevitumia huona hivyo. Endelea navyo. Endelea pia na vile vya rangi mbili, nimekutumia makopo mawili ili usikatizwe. Suala la mpira tutaliangalia baadaye kama kuna haja.

Kula vizuri na upumzike.

Mdogo wako


20 Julai 1997

Dada,

Mbona kimya? Nimekwenda kumwuliza kondakta, anasema Jumatano mbili hajakuona kituoni. Kama umeniudhikia kwa jambo nililouliza, nisamehe. Andika hata mstari mmoja. Au mwambie binti aandike.

Sipati usingizi wa maana.

Mdogo wako


6 Agosti 1997

Mdogo wangu Daktari,

Nakuandikia nikiwa nimelala chali, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Niko hospitali kubwa, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Usishtuke, yaliyo mabaya zaidi yameshapita. Mama na watoto wote wako salama. Shemeji yako anakuja kila jioni na kila jioni anaonyesha amelia njiani, kisha anasema ni vumbi.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunakunja mashati ya wanafunzi tayari kwa kupelekwa, meupe pe, yamepangwa mezani mpaka yananifika kifuani. Nikasikia tumbo linajinyonga, nikadhani ni njaa, nikafungua mdomo kumwambia Bi Mkasi. Kilichotoka si maneno. Nilitapikia yale mashati, kitu cheusi kama machicha ya kahawa, na ndani yake damu. Kazi ya mwezi mzima! Unajua nilipoanguka nilikuwa nawaza nini? Si kufa. Nilikuwa nawaza doa lile halitatoka. Aibu iliyonishika siku hiyo, mdogo wangu, nikiikumbuka mpaka leo najifunika shuka usoni.

Wameniongeza damu ya watu nisiowajua. Ule mpira niliokuwa naukimbia nikikutegemea wewe wamenitia bila kuniuliza. Wamekuta kidonda tumboni, kikubwa, kilikuwa kinavuja siku zote hizo.

Daktari wa huku ni msichana mdogo, anaongea taratibu lakini haachi jambo. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamtajia zako. Na nyingine? Nikasema hakuna. Akauliza tena, nikamwapia hakuna. Wakati huo huo anaingia Bi Mkasi na kanga na sabuni, anasema kwa sauti ya karakana, “Na mafuta ya mashine nimekuletea, mgongo usije ukakuua kwenye vitanda hivi!” Akatoa mfukoni pakiti ya vidonge akaniwekea juu ya mto. Daktari akaichukua, akaigeuza. “Haya ndiyo mafuta ya mashine?” Ndiyo, ni vya maumivu ya mgongo, vinakaa kwenye droo moja na chupa ya mafuta ya cherehani, na sisi sote hatukai kwenye kiti bila kumeza. Nilivyoanza kazi nilivikuta na jina lake hilo. Akaniuliza mbona sikusema. Nikamwambia ukweli wangu: aliniuliza dawa. Dawa ni ya mgonjwa. Mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa na mgongo tu.

Kumbe ndivyo vilivyonitoboa. Kuvimeza kila siku hivyo vinakwangua tumbo, na vidonge vyako vilinyamazisha maumivu nisijue kinachoendelea. Anasema mtu anayepungua, anayepata choo cheusi, hapewi hivyo na kuambiwa aendelee, anapimwa kwanza. Akasema wewe ulipaswa kujua. Nikakasirika! Nikamwambia mdogo wangu aliuliza yote matatu, mimi ndiye niliyemficha. Kwa hiyo anataka kuongea na wewe, daktari kwa daktari. Nimempa jina la hospitali yako, lile uliloandika nyuma ya picha. Akikupigia ongea naye vizuri, mweleze habari ya mafuta ya mashine na kosa langu. Sitaki akudhanie vibaya.

Dada yako


13 Agosti 1997

Dada,

Sianzi na salamu kwa sababu sina uso wa kusalimu.

Mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Nilianza chuo cha ufamasia, si cha udaktari kama mlivyodhani, mtihani wa mwaka wa pili nikaanguka, nikarudia, nikaanguka tena, wakanitoa. Picha ile nilipiga na koti la mwenzangu. Jina la hospitali nililiandika nyuma ya picha kwa sababu Mama aliomba anuani, na jengo lile lilikuwa mbele yangu. Mimi ni mpakizi kwenye bohari ya dawa. Nasukuma toroli. Nafunga maboksi kwa selotepu na kuyabandika lebo. Nilipokuandikia kwamba dawa zinapita mikononi mwangu mchana kutwa nilijipongeza kwamba sikusema uongo. Ona nilivyokuwa mjanja.

Vidonge nilivyokutumia ni vya maboksi yaliyopasuka, ambayo hayauzwi tena. Na “kitaalamu” yangu yote ilitoka kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Mapumziko ya mchana naketi juu ya katoni nazisoma moja moja, kwa sababu nikizisoma najiona kama sikufukuzwa. Maswali matatu niliyokuuliza yalikuwa pale kwenye karatasi. Na majibu yake yalikuwa pale pale. Imeandikwa: usitumie dawa hii kabla ya kumwona daktari kama unapungua bila sababu, kama chakula kinakwama ukimeza, kama unatapika damu, kama choo ni cheusi. Ukiwa unatumia vidonge vya maumivu, sema. Zikipita wiki mbili hujapona, acha ukapimwe. Mimi nilikupa tangu Februari.

Ulipoandika kuwa umepungua nilijua. Nikakuandikia habari za sare za shule. Nikasoma “mafuta ya mashine” nikacheka, wakati mtu yeyote aliyesomea kazi hii angekuuliza, mafuta gani hayo mtu anayameza? Mimi nilitaka kusikia Bi Mkasi alisemaje juu yangu.

Lakini lile la Juni ndilo linaloniua. Barua yako ilinikuta bohari. “Cheusi kama lami.” Nilikwenda kulifungua boksi jingine nikaisoma karatasi upya, kana kwamba yawezekana wamebadilisha. Hawakubadilisha. Ni kweli vidonge vya damu hufanya choo kiwe cheusi, hapo sikukudanganya, na hapo ndipo uongo wangu ulipojificha. Wewe ulikuwa umeandika wazi: tangu mvua zianze. Vidonge vya damu ulipewa mwezi wa tano. Niliona. Nilihesabu. Tena nilijua kwamba tumbo likikosa asidi, hivyo vidonge vya damu havinyonywi vizuri, maana yake vyangu vilikuwa vinavitia mchanga vya nesi. Nikakwambia uendelee na vyote viwili.

Uliniuliza neno moja, niende au nisiende. “Nenda” ni herufi tano. Kwa nini sikuandika? Kwa sababu kule wangekuuliza daktari wako ni nani, yuko wapi, na mwisho wake wangenifikia. Nilipima, Dada. Upande mmoja uhai wako na upande mwingine jina langu karakana. Nikachagua jina. Nikatuma makopo mawili ili usiniulize tena upesi.

Kosa si lako. Usimtetee mtu huyu mbele ya yule daktari. Wewe ulificha kwa haya, na haya ya mwanamke mbele ya mdogo wake haina ubaya. Mimi niliulizwa nikajua nikanyamaza. Mpe barua hii aisome. Msomee na Bi Mkasi, wasome wote, hata wakiicheka.

Sijui nitie sahihi gani.


30 Agosti 1997

Wewe,

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliomba kiberiti. Wodini hawaruhusu moto, ndiyo bahati yako.

Nikueleze ulivyoniweka. Kabla barua haijafika, yule daktari alikuwa ameshapiga simu kwenye hospitali yako. Wakamwambia hawana mtu huyo, hawajawahi kuwa naye. Akaja akavuta kiti, akaniambia kwa upole kama anayemwambia mtu habari za msiba. Nikamjia juu! Nikamwambia wao ndio hawajui wafanyakazi wao, nikamwambia mdogo wangu alipasua vyura, nikamwambia aje nyumbani aone picha. Wodi nzima iligeuka kunitazama. Mama wa kitanda cha pili akawa ananiitikia, “Mweleze, mweleze.” Siku iliyofuata shemeji yako akaniletea bahasha. Nimeisoma hapo hapo mbele ya yule mama, naye ananiuliza kwa furaha, “Daktari anasemaje?” Nikamwambia anasalimia.

Sikumpa daktari barua yako aisome. Nilimwambia kwa mdomo wangu, ukutani nimegeukia, kwamba alikuwa sahihi. Akanishika bega tu. Bora angenicheka.

Nimekuchukia siku kadhaa. Nilitaka nikuandikie matusi, nilikuwa nayo tayari, mazuri sana. Lakini kitandani mtu anakosa kazi, anaanza kujishona mwenyewe. Na mimi nina langu, nitalisema mara moja kama nilivyosema lile la lami.

Unanitakasa eti nilificha kwa haya. Haya ilikuwepo, sikatai. Lakini hebu nikuulize, tangu uende mjini uliandika lini, kabla sijaumwa? Mama alikuwa anazitafuta habari zako kwa madereva. Mimi nilikuwa nikipita posta nageuza uso. Nilipoandika kwamba nina kiungulia, uliandika. Tena kurasa, na maswali, na “Dada yangu mpendwa”. Nikaona kumbe kuumwa kuna faida. Kila kopo lilikuja na barua. Nesi alipotaka kunipeleka kwenye mpira, mpira niliuogopa, ndiyo, lakini kilichonifunga miguu ni kingine. Nilifikiri wakinitibu wao, wewe utakuwa huna tena cha kuniandikia. Mwanamke mzima, mama wa watoto, navuja damu na nangoja barua ya Jumatano. Nani mwenye aibu zaidi hapo? Mimi sijui, na sitaki tushindane.

Kwa hiyo usiniletee habari za mtu mmoja mwenye kosa. Tumelishona wawili, wewe upande wako na mimi upande wangu.

Habari nyingine. Bi Mkasi alilitupa boksi la mafuta ya mashine lililokuwa kwenye droo, wenzake wakamgomea mpaka akalirudisha. Sasa kila anayechukua anaulizwa kwa ukali choo chake kina rangi gani, mbele za watu. Wawili wameshaacha kwa fedheha. Mama sijamwambia. Hilo ni lako. Utamwambia sikio la kushoto, na utapaza sauti mpaka majirani wasikie, hakuna namna.

Kidonda kinapona, wananipa vidonge vya kupunguza asidi, vya namna ile ile ya kwako, unaona maajabu? Ila hivi vinatolewa na mtu aliyekiona kidonda. Walikata kijinyama pembeni yake wakakipeleka kupimwa, maana kuna vidonda vyenye jambo baya zaidi ndani yake, na vile vidonge vinaweza kulifunika likaonekana kama linapona. Majibu ni Jumatatu tarehe nane, asubuhi. Daktari kasema nisiingie peke yangu chumbani kwake. Shemeji yako nimemwambia, akasema ndiyo, kisha akaenda kukaa nje na baiskeli yake muda mrefu.

Sikuombi kitu. Nakupa habari tu.

Dada yako


3 Septemba 1997

Dada yangu,

Bohari nimeaga. Jumapili jioni nitakuwa nyumbani, nianze na Mama. Jumatatu nitaingia na wewe chumbani, na majibu yakiwa ya namna yoyote nitakuwa kwenye kiti cha pembeni yako. Daktari akiuliza mimi ni nani, nitamjibu mwenyewe.

Nakuja mikono mitupu.

Mdogo wako